Chinsaga ya Kuongeza Damu

"Anakula nini nyumbani?" daktari aliuliza.

Bonareri, bibi wa mtoto, alikuwa akilingoja swali hilo. Tangu asubuhi walikuwa wameulizwa mambo yasiyomhusu: mtoto alizaliwa na kilo ngapi, alichanjwa lini, kadi ya bima iko wapi. Sasa angalau walikuwa wamefika kwenye jambo alilolijua kuliko mtu yeyote katika chumba kile. Akajisogeza mbele kwenye kiti, mkoba mapajani.

"Chinsaga," alisema. "Mchana na jioni. Napika mimi mwenyewe, naiweka na maziwa kwa nyungu siku mbili mpaka uchungu itoke. Wale wa dispensari walisema damu iko chini, nikaongeza. Huyu mtoto hakosi mboga hata siku moja, daktari. Si kama hawa watoto wa chipsi."

Daktari aliitwa Sheila, msichana wa Nyamira, naye pia alikuzwa kwa chinsaga, ile mboga ambayo wengine huiita mgagani. Aliandika kitu, akakikata, akaandika tena.

"Mnaipanda wapi, magokoro?" aliuliza, akimwita bibi kwa Kigusii.

"Mtoni."

"Huo mto unapita chini ya yadi ya betri?"

"Huo huo. Maji yake haikauki hata Januari."

Mtoto waliyekuwa wakimzungumzia, Kemuma, alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake, Marion, pale palipobaki nafasi, maana Marion alikuwa na mimba ya miezi saba. Kemuma alikuwa na miaka mitatu na nusu. Mwaka uliopita alisimama mbele ya kanisa siku ya Sabato ya watoto akasema fungu zima la Biblia bila kukosea, na watu wakampigia Bonareri makofi kana kwamba ndiye aliyelisema. Siku hizi alikuwa na maneno matano au sita. Tumbo lilimuuma, choo kilikuwa vita, na akitembea alikanyaga kama mtu anayevuka shamba gizani. Hapo hospitalini hakulia wala kuchezea kitu. Alitazama ukuta.

Karatasi iliyorudi kutoka maabara ya Nairobi ilikuwa na namba moja iliyozungushiwa kalamu: arobaini na nane.

"Hii ni lead," Sheila alisema. "Madini ya risasi, ile iko ndani ya betri za gari. Kwa mtoto ikifika tano tu tunaanza kuuliza maswali. Ikiingia kwa mwili inakaa kwa damu, inakaa kwa mifupa, inaenda kwa ubongo. Ndiyo inamaliza damu. Nyinyi mlikuwa mnaona damu imepungua, mnampatia hiyo mboga, na hiyo mboga ndiyo..."

Alikuwa amefundishwa namna ya kutoa habari mbaya, lakini waliomfundisha hawakumwambia kwamba bibi angekuwa amevaa nguo ya kanisani.

"Lakini chinsaga inaongeza damu," Bonareri alisema.

"Inaongeza, magokoro. Ikipandwa mahali pengine."

"Na atarudi kuongea?" Marion aliuliza. Hilo ndilo swali pekee aliloliuliza siku ile.

"Wacha kwanza tuanze na kuacha mboga," Sheila alijibu, na Marion akaelewa kwamba amejibiwa. Kulikuwa na dawa, lakini ilikuwa Nairobi, na hata huko haikuwepo kila mara. Sheila akaandika barua ya rufaa. Akamwambia Marion naye apimwe, maana kitu hicho huvuka kikaingia kwa mtoto wa tumboni. Kipimo kilikuwa shilingi elfu sita na mia tano. Fedha za namna hiyo zilikuwepo nyumbani kweli, kwenye mkebe wa majani ya chai, na zilikuwa za kujifungulia.

"Nitarudi," Marion alisema. Sheila aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Aliijua sana nitarudi hiyo.

*

Mto wenyewe ni mdogo, ramani nyingi hazihangaiki nao. Unatoka vilimani, unapita nyuma ya gereji na sehemu za kuoshea magari pembezoni mwa mji wa Kisii, unazunguka yadi ya betri ya Mzee Zachariah, halafu unafika kwenye kipande cha ardhi ambacho hakina mwenyewe. Hapo ndipo Bonareri alipolima chinsaga kwa miaka kumi na miwili. Maji yakipanda wakati wa masika yalimwachia tope jeusi laini, na yeye alilishukuru tope lile. Kila alfajiri alichuma, akafunga mafungu, akayasuuza mtoni ili yafike sokoni yakiwa yanang'aa.

Sokoni alijulikana. Mwanamke wa Kigusii akijifungua hupelekewa chinsaga, iliyochemshwa na kulazwa kwenye maziwa, irudishe damu aliyoipoteza na ishushe maziwa ya mtoto. Hupelekewa na mama mkwe, na shangazi, na majirani, na akina mama wa kanisa, kila mmoja na chombo chake, na yeye hula mbele yao ili waridhike. Waliotaka ya uhakika walinunua kwa Bonareri. Hakuwa na haja ya kuandika, kwa sababu aliwakumbuka watu kwa mafungu yao. Huyu fungu moja kila Jumatatu. Yule matatu, mkwe wake amejifungua pacha. Na mwenye mtoto mgongoni alimpa nyongeza, konzi moja juu ya mafungu, bure. "Hii ni ya mtoto," alikuwa akisema.

Siku waliyotoka hospitalini, Bonareri aliingia jikoni akaifunua nyungu. Kulikuwa na chinsaga ya kuwatosha siku mbili. Aliitazama kwa muda, akaifunika tena. Hakuimwaga siku hiyo. Angewezaje kumwaga chakula mbele ya mke wa mwanawe? Aliimwaga kesho yake, nyuma ya choo, akavunja na nyungu yenyewe.

Osoro, mwanawe, mume wa Marion, alirudi jioni akiwa na utomvu wa ndizi mikononi. Kazi yake ilikuwa kununua ndizi vijijini na kuzipakia kwenye malori ya Nairobi. Alisoma karatasi mara mbili akiwa amesimama.

"Nani mwingine anajua hii maneno?" aliuliza.

"Daktari," Marion alisema.

"Basi iishie hapo."

"Iishie hapo aje?"

"Marion, mama ameuzia hii Kisii yote mboga. Unataka watu waseme aliwauzia sumu? Watakuja hapa na mapanga. Na kanisani je?"

Bonareri alikuwa akimenya viazi. Aliendelea kumenya. Alitaka mmoja wao ageuke amwambie kwamba halikuwa kosa lake, na hakuna aliyegeuka, si kwa ukatili, ila kila mmoja alikuwa amechoka na mzigo wake. Marion hasa. Alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka mitano na hajawahi kumjibu mama mkwe wake vibaya. Sasa alikuwa na jambo la kusema, kubwa mno, na hakuwa amejifunza mahali pa kuanzia. Kwa hiyo alimlisha Kemuma viazi. Mtoto alikula vitatu akaacha kinywa wazi, kama amesahau kinachofuata.

*

Walikwenda kumwona Mzee Zachariah siku ya Jumapili, Bonareri na Osoro.

Yadi ilikuwa imezungushiwa mabati. Ndani vijana wanne walikuwa wakipasua betri zilizokufa kwa shoka. Maji makali ya ndani yalimwagwa kwenye mfereji, na mfereji ulijua njia ya kwenda mtoni. Vipande vizito vya kijivu vilitupwa kwenye karai kubwa juu ya moto. Makasha ya plastiki yalirundikwa kando yakisubiri kuoshwa, na yalikuwa yakioshwa mtoni.

Zachariah aliwapokea vizuri sana. Hilo ndilo lililowaumiza baadaye. Alikuwa mzee wa kanisa lao, ndiye aliyetoa mabati ya darasa la watoto. Aliagiza viti, akaagiza soda, akamfuta Bonareri kiti kwa kitambaa chake mwenyewe. Aliisoma karatasi yote.

"Pole sana, mama Osoro. Pole kabisa. Huyu ndiye alisema lile fungu kanisani?"

"Ndiye, mzee."

"Pole. Lakini sasa hebu tuongee kama watu wa nyumba moja. Hawa vijana wangu wanashika hii kitu na mikono kila siku. Unaona mgonjwa hapo?"

Walitazama. Mmoja wa vijana alikuwa akikohoa, lakini watu hukohoa.

"Daktari alisema ni mboga," Osoro alisema. "Maji ikitoka hapa inaingia kwa shamba ya mama."

"Na juu kuna gereji ngapi? Kuna wale wa kuosha magari. Kuna mapaa ya rangi. Daktari alipima mto?"

"Hapana."

"Unaona. Na hiyo chinsaga si inauzwa? Mama Osoro, wewe umeuzia watu wangapi?"

Bonareri alishika chupa ya soda kwa mikono miwili. "Wengi."

"Wengi. Na ni mtoto wa nani mwingine amegonjeka?" Zachariah hakuwa akibisha. Aliuliza kwa upole, kama anayetafuta ukweli, na alikuwa akiutafuta kweli, mradi asiupate. "Niletee mtoto mwingine. Mmoja tu. Ukiniletea mtoto mwingine mwenye hiyo ugonjwa, mimi hii yadi nafunga, Mungu akiniona."

Wakaombewa. Osoro akapewa pakiti mbili za maziwa za kumpelekea mtoto, naye akazichukua, kwa sababu mikono huchukua kitu kinachonyooshwa kwake kabla kichwa hakijaamua. Mchana huo Zachariah alikula ugali na chinsaga, ambayo mkewe alikuwa ameinunua siku nyingi nyuma kwa Bonareri na kuihifadhi kwenye friji. Alikula vizuri. Alilala kidogo baadaye.

Kwenye ofisi ya mazingira Osoro aliambiwa alete malalamiko kwa maandishi, pamoja na maji ya mto yaliyopimwa. Akauliza nani anayapima. Akaambiwa mlalamishi. Wakati huohuo bei ya ndizi ilianguka, na hakurudi tena.

*

Bonareri aliacha kulima. Sokoni alisema ni goti. Watu wakampa pole ya goti, wengine wakamletea dawa za kuchua, naye akazipokea zikajaa dirishani. Alikuwa amempa kila mtu uongo mdogo na kila mtu akamlipa kwa wema, na hiyo ilimuumiza kuliko kama wangemtukana.

Niletee mtoto mwingine. Ilikuwa kazi rahisi kwa mtu mwenye kumbukumbu kama yake. Angeweza kwenda mlango kwa mlango. Angebisha, aseme, mama, yule mtoto wako niliyekuwa nikimpa nyongeza, anaongea vizuri? Kila asubuhi aliamka akiwa na nia ya kwenda, na kila asubuhi aliona aibu ikiwa imekaa mlangoni kabla yake. Kwa hiyo alifua. Alipalilia migomba ambayo haikuhitaji kupaliliwa.

Wiki ya tatu, Celestine alifika. Alikuwa mjane, jirani wa upande wa chini, na wote wawili walikuwa wameketi benchi moja kanisani miaka yote.

"Mama Osoro, pole na goti. Mimi nimekuja na maneno moja. Ile kipande ya mtoni, si uniachie nilime? Nyasi imeanza kuingia. Mafuta ya kupika yenyewe imenishinda kununua."

Bonareri alikuwa na nafasi ya kusema. Walikuwa wawili tu, jua lilikuwa zuri, Celestine hakuwa mtu wa mdomo. Ingechukua sentensi mbili. Lakini sentensi ya kwanza ingekuwa juu ya mjukuu wake na ya pili ingekuwa juu yake mwenyewe, na ya pili haikutoka.

"Chukua," alisema.

"Na mbegu?"

Bonareri akaingia ndani akamletea mbegu kwenye karatasi ya gazeti, akaifunga vizuri isimwagike.

Marion aliyaona yote kutoka dirishani. Jioni, alipokuwa akimwosha Kemuma kwenye beseni, alisema bila kuinua macho, "Mama, umempa mbegu."

"Nimempa."

Marion alimmwagia mtoto maji mgongoni. Kemuma aliyapiga maji kwa kiganja mara moja, kisha akaacha.

*

Marion alijifungua mtoto wa kike, kilo mbili na robo. Mdogo, lakini alilia. Bonareri alikihesabu kilio hicho kuwa jambo jema na akajizuia kuhesabu zaidi.

Siku ya nane akina mama wa kanisa walikuja. Walikuwa saba, wakiimba tangu njiani, leso vichwani, na kila mmoja amebeba chombo. Heshima ya mtoto kuzaliwa ni nyumba kujaa, na nyumba ilijaa. Walikaa kwenye makochi, kwenye viti vya kuazima, kwenye kitanda cha Osoro. Orpah, mkubwa wao, alisali sala ndefu. Jacinta, fundi wa cherehani, alikuwa amemleta mwanawe Nyamongo, aliyekaa sakafuni karibu na Kemuma. Watoto wale wawili walitazamana, wakaacha.

Vyombo vikafunuliwa. Ugali wa wimbi. Maziwa. Kuku mmoja. Na katika vyombo vinne, chinsaga, nyeusi na laini, imelala kwenye maziwa kama inavyotakiwa.

"Hii ni ya leo," Orpah alisema, akipakua kwenye bakuli. "Tulijua wewe mama Osoro goti imekataa, tukasema mokamwana, huyu mke wa mwanao, asikose. Tumenunua kwa Celestine hapa. Anafuata nyayo zako kabisa."

Celestine aliinamisha kichwa, akiona haya ya kusifiwa.

"Kula, mama wa msichana," Orpah alisema. "Damu irudi."

Bonareri alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika ya chai. Alimtazama Marion, naye Marion akamtazama. Marion alijua. Alikuwepo hospitalini, aliisikia namba, alikuwa na mtoto wa siku nane kwenye ziwa. Alichukua bakuli kwa mikono miwili, akasema asante, akamega ugali. Hakuwa akimkomoa mtu. Wanawake saba walikuwa wakimtazama wakitabasamu, mama mkwe wake alikuwa amenyamaza, na yeye alikuwa mke wa watu. Akachovya. Akainua mkono.

Birika ilianguka. Kabla watu hawajajua ni nini, Bonareri alikuwa amevuka chumba akalipokonya bakuli, akatoka nalo nje, akalimwaga kwenye jivu. Akarudi, akachukua chombo cha kwanza, akamwaga. Akarudi kwa cha pili.

"Mama Osoro!" Orpah alikuwa amesimama. "Ni nini hii? Tumekukosea nini?"

"Iko na sumu," Bonareri alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama ya mtu anayetaja bei. "Ya betri. Inatoka kwa mto. Kemuma hajalogwa wala si kifafa, ni hiyo. Wamepima. Nimejua tangu mwezi wa tatu. Na ile nilikuwa nauza ni ya hapo hapo."

Chai ilikuwa ikitambaa sakafuni kuelekea miguu ya watoto.

"Mwezi wa tatu," Celestine alisema. Alihesabu kwa sauti ndogo. "Mimi nilikuja kuomba shamba mwezi wa nne."

"Ndiyo."

"Na ukanipatia mbegu."

"Nilikupatia."

Celestine aliinuka, akakunja leso yake mara nne, akatoka. Orpah alitaka kusema kitu cha Biblia, akakosa kipi. Alikusanya vyombo vyake, vitupu na vilivyojaa, na wengine wakamfuata mmoja mmoja bila kuimba. Mmoja alisema nje, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wengine wakizeeka kichwa hulegea. Mwingine alisema, yeye amekula chinsaga ya mama Osoro uzazi wa watoto watatu na wote wako shule. Kisha sauti zikateremka na njia.

Marion alikuwa bado na kipande cha ugali mkononi. Alikiweka mezani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya karatasi, machozi yalimtoka, na hakuyafuta, akaendelea kunyonyesha.

Bonareri alichukua tambara akapiga magoti kufuta chai. Goti halikuwa na shida yoyote. Alipoinua kichwa alimwona Jacinta bado yuko mlangoni, amemshika Nyamongo mkono.

"Mama," Jacinta alisema, "hiyo kipimo walifanyia wapi?"

Bonareri akamwambia hospitali na jina la daktari, na kwamba damu hupelekwa Nairobi, majibu wiki mbili. Jacinta alisikiliza kwa makini kama anayepewa vipimo vya nguo.

"Huyu amefikisha miaka minne," alisema. "Mwalimu anasema ni mzito tu. Anasema wavulana huchelewa." Alimtazama mtoto. Nyamongo alikuwa akitazama ukuta. "Kuna wimbo alikuwa anaimba, siku hizi haimbi."

Bonareri aliikumbuka ile yadi. Zachariah alikuwa ameomba mtoto mmoja tu.

"Nilikuwa nachukua kwako," Jacinta alisema.

"Najua," Bonareri alisema, tambara mkononi. "Mafungu mawili. Jumanne na Ijumaa. Na nyongeza ya mtoto."